Gujoni Ndefu za Gari la Kalenga

Kalemie, tarehe 9 mwezi wa pili 1986

Kwako Yaya Hippolyte,

Pokea, kaka yangu mkubwa, salamu zangu, za Papa na za Mama, na za nyumba yote hapa mtaani Kitali. Sisi ni wazima, isipokuwa goti la Mama linauma kila mvua inapotanda kutoka ziwani, na mwezi huu inatanda karibu kila siku. Yule paka wako mweusi amekufa. Mama alisema nisikuandikie hilo, lakini nimeona afadhali ulijue.

Shuleni ninaendelea vizuri. Sista Élisabeth anatufundisha kufupisha maandishi: anatupa ukurasa mzima na sisi tunamrudishia mistari kumi, bila kuharibu fikra ya mwenye kuandika. Nilipata kumi na nane juu ya ishirini. Alisema nina mkono mzuri wa kuondoa yasiyo ya lazima.

Macho ya Papa hayajapona. Moto wa kulehemu umeyala kidogo kidogo, na sasa akijaribu kusoma, herufi zinakimbiana. Karatasi zote zinazoingia garajini ninamsomea mimi.

Jambo lililonifanya nikuandikie ni hili. Citoyen Kalenga, yule anayepeleka ndakala wakavu, dagaa wa ziwa hili, Kamina, amejiletea gari la mbio la milango miwili. Lilifika kwa mashua ya mizigo kutoka Bujumbura, na watoto wote wa mtaa wa Kataki walitelemka bandarini kulitazama. Kalenga anataka magurudumu yatokeze nje, kama ya gari aliloliona katika picha. Fundi wa kukereza vyuma amemtengenezea sahani nne nene za chuma, za kuwekwa kati ya ngoma ya breki na gurudumu. Kalenga akaja nazo kwa Papa.

Alisema hivi: “Papa Urbain, gari yangu inasimama kama mutoto aliyebana miguu. Mimi nataka isimame kama mwanaume.”

Papa akafunga gurudumu moja, akaniita. “Alphonsine, hesabu. Nati inazunguka mara ngapi mpaka ikamate?” Nikahesabu mizunguko mitatu na nusu. Papa akafungua tena gurudumu lile lile na kumrudishia Kalenga sahani zake. “Itasimama kama mwanaume,” alisema, “na kwenye kona ya kwanza italala kama mlevi.”

Zile bolti zinazotoka kwenye ngoma, ambazo Papa anaziita gujoni, ni fupi mno kwa sahani hizo. Nilizipima kwa rula yangu ya shule: zinatokeza milimita thelathini na mbili, na sahani peke yake ina ishirini na tano. Zinahitajika gujoni ndefu kumi na sita, nne kwa kila gurudumu. Hapa Kalemie hakuna. Ninaweka gujoni moja ya zamani ndani ya kifurushi hiki ili mtu akiipata aone meno na unene wake.

Papa alisema tu, “Watu wa Lubumbashi wanaweza kuwa nazo.” Hakutaja jina. Lakini alikaa karibu yangu mpaka nilipofunga bahasha.

Mdogo wako,
Alphonsine

*

Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa tatu 1986

Mudogo wangu Alphonsine,

Barua yako nilipata, nikaisoma mara mbili nikiwa nimesimama kwenye mulango wa garaji, hata patron, mwenye garaji, akaniuliza kama kuna matanga kwetu. Miaka miwili, na neno la kwanza kutoka kwa muzee ni gujoni! Haizuru. Mimi niko muzima, ninakula, chumba changu kinavuja upande mmoja tu. Mwambie Mama nimepona ile homa. Kifo cha paka kimeniuma kweli. Umefanya vizuri kuniambia.

Gujoni kumi na sita natuma kwa mukono wa Célestin anayetumika kazi ndani ya treni. Unamujua, yule mwenye sauti ya mwanamuke. Ni za urefu wa kutosha, nimelinganisha na ile uliyotuma. Zinaingizwa hivi: kwanza mutoe ngoma, mugonge za zamani zitoke kwa nyuma. Mpya zinaingia kutoka nyuma vilevile. Hizo musipige nyundo. Mutie rondela tatu, zile pete za chuma, zenye mafuta, mugeuze nati upande wa bapa, na muivute polepole na ufunguo murefu mpaka kichwa cha gujoni kikae barabara. Mukwangue kutu yote, sahani ilale bila kucheza. Mukimaliza, nati izunguke mara nane au zaidi. Kisha gari itembee kidogo, irudi, mukaze tena.

Sasa sikia. Chini ya kichwa chake kila gujoni iko na meno madogo ya kung'ata chuma. Kama tundu la ngoma ni pana kuliko meno, gujoni itazunguka wakati wa kukaza. Na mimi ninamujua muzee. Kitu kikimushinda, anakitia sudire, anakilehemu tu. Mulango, sudire. Kiti cha Mama, sudire. Siku niliyomwambia mbele ya wateja kwamba amekosea gia za lori, alinipiga kofi, na ile pia ilikuwa sudire yake, alitaka kufunga kinywa changu kwa moto. Muntu wa macho yaliyoungua na kichwa kigumu kama reli. Chuma cha gujoni hizi kimepikwa. Ukikitia moto wa sudire kinakuwa kama chupa, kinakatika bila kukuaga. Asijaribu hata moja, yule muzee asiyemusikia hata Mungu. Zikizunguka, azirudishe, nitatafuta zenye meno manene.

Soma sana. Wewe njo utatutoa ndani ya shida.

Yaya wako,
Hippolyte

*

Kalemie, siku ya Pasaka, tarehe 30 mwezi wa tatu 1986

Kwako Yaya Hippolyte,

Kristo amefufuka. Tulikwenda misa ya kwanza, Mama akavaa kitenge ulichomnunulia kabla hujaondoka. Goti lake lina nafuu. Shangazi wa kule Pepa amezaa mtoto wa kike, na wanasema ng'ombe wao watatu wamekufa kwa ugonjwa wa mdomo, kwa hiyo furaha yao imechanganyika.

Gujoni zilifika zote kumi na sita. Célestin alizileta mwenyewe mpaka nyumbani, zimefungwa ndani ya soksi.

Nilimsomea Papa barua yako. Alikaa kwenye tairi, mikono juu ya magoti, macho yamefungwa, kama anavyokaa kanisani. Nilisoma habari za rondela na mafuta, na za kukwangua kutu, na za kukaza tena. Kila jambo alitikisa kichwa. Mwishoni aliuliza, “Njo yote? Hakuna ingine?” Kisha akasema, “Hippolyte ameijua kazi.” Yaya, alitaja jina lako. Mama alikuwa anapepeta mchele, akasimamisha mikono. Tangu uende hatukuwa tumelisikia kinywani mwake.

Magurudumu ya mbele yalikwenda kama ulivyoandika. Ya nyuma gujoni zilizunguka kidogo, lakini Papa alizimaliza. Nilihesabu mwenyewe: nati zinazunguka mara kumi. Citoyen Kalenga alilizunguka gari lake akicheka peke yake, akasema sasa linasimama kama mwanaume aliyeoa. Hata Papa alicheka.

Jioni alimuuliza Mama kama katika mwezi wa saba mafundi wa Lubumbashi wanapewa likizo. Mama akajibu kwamba hajui, labda aulizwe mwenyewe. Basi nakuuliza mimi.

Mdogo wako,
Alphonsine

*

Lubumbashi, tarehe 20 mwezi wa ine 1986

Mudogo,

Salamu kwa wote. Mimi niko muzima.

Likizo inawezekana. Nimemwambia patron, hakukataa. Nimeanza hata kufikiri nitamuletea muzee nini. Miwani ya kulehemu, ile myeusi kweli, si kile kipande cha chupa anachotumia.

Lakini kuna kitu. Umeandika kwamba za nyuma zilizunguka na muzee “alizimaliza”. Alizimaliza namna gani? Célestin hakuniletea hata gujoni moja iliyorudishwa. Niandikie mara moja. Usingoje habari za ng'ombe.

Hippolyte

*

Kalemie, tarehe 18 mwezi wa tano 1986

Kwako Yaya Hippolyte,

Nakusalimu, nikitumaini barua hii itakukuta na afya. Mama anakusalimu. Mvua zimekwisha na vumbi limeanza. Mtoto wa Shangazi wa Pepa amebatizwa, wamemwita Emilie. Shuleni tumemaliza kipindi cha pili, nimekuwa wa tatu. Sista Élisabeth ameniuliza kwa nini nimeshuka.

Yaya, kumetokea ajali.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 3, watu walikuwa wanarudi kutoka kazi ya umma ya salongo na majembe yao. Citoyen Kalenga alitelemka na gari lake kuelekea daraja la Lukuga. Gurudumu la nyuma la kushoto lilichomoka. Gari lilijikokota juu ya ngoma likasimama, na Kalenga hakuumia hata kidole. Gurudumu lilikwenda peke yake mbele ya watu wote mpaka penye wauza samaki. Mama Thérèse alikuwa ameinama juu ya beseni lake, hakuliona. Ni yule anayetuuzia samaki siku za Ijumaa, anayeita wateja wote “mukwe wangu”. Hospitalini walijaribu kuuokoa mguu kwa siku tano. Tarehe 8 waliukata chini ya goti.

Papa alifungiwa siku mbili kwa askari, kisha wakamwachia. Aliporudi alifunga garaji. Hakuna mtu aliyemwamuru.

Papa François, msimamizi wa karakana ya reli, alikuja nyumbani na ile ngoma ndani ya gunia. Niliwatilia maji ya kunywa, kwa hiyo nilisikia.

“Urbain, hizi ulitia sudire?”

“Nilitia. Zilikuwa zinazunguka.”

“Tazama. Lakini wewe huoni. Gusa. Zote ine zimekatikia hapo hapo penye sudire, na ndani zinameta kama chumvi. Chuma hiki hakitiwi moto. Kule Lubumbashi hata muntu wa kufagia garaji anajua.”

Papa alikuwa anapitisha kidole juu ya vile visiki vya chuma. Akauliza, “Hata Hippolyte anajua?”

“Hippolyte wako? Yeye wa kwanza.”

Papa François alipoondoka, Papa alisema neno moja tu, na hakuniambia mimi, alikuwa kama anauambia ukuta: “Alijua, akanyamaza.”

Mama anapeleka chakula hospitali kila asubuhi. Majirani wanasema ni macho ya Papa, kwamba fundi asiyeona ni muuaji. Wanasema hivyo kisimani, nikifika wananyamaza.

Mdogo wako,
Alphonsine

*

Lubumbashi, tarehe 8 mwezi wa sita 1986

Alphonsine,

Nimesoma. Sikuenda kazini siku moja nzima.

Basi alitia sudire. Nilimuandikia, nikamuandikia sababu, hata nikamuandikia la kufanya. Akasikia, akasema moyoni, “Mutoto gani huyu wa kunifundisha,” akawasha mashine yake. Njo vile vile ilivyokuwa kwa gia za lori. Ila sasa mwanamuke wa watu amelipa mguu. Na bado anasema nilinyamaza! Mimi!

Mwezi wa saba siji. Kuna kazi Kolwezi, wanatafuta mafundi, nitakwenda huko na sitaacha anwani. Mwambie hivyo. Mwambie pia miwani nilikuwa nimekwisha kuinunua, nimempa muntu mwingine.

Nilipofika hapo nilitaka kufunga barua. Lakini nimerudia kuisoma yako. Unasema alimuuliza François kama najua. Kwa nini aulize? Muntu aliyesomewa barua yangu hawezi kuuliza hivyo. Mudogo, ile kipande ya sudire ulimusomea au hukumusomea? Jibu neno moja tu.

Hippolyte

*

Kalemie, tarehe 27 mwezi wa sita 1986

Kwako Yaya,

Salamu nyingi. Sisi tupo. Mitihani imekwisha. Mama amekonda kwa safari za hospitali. Mama Thérèse ametolewa bandeji kubwa, anaketi kitandani na kutengeneza nywele za wagonjwa wengine.

Garaji bado limefungwa. Papa anakaa uani, mchana kutwa amegeuza kiti kuelekea ukuta, anasema jua linamuumiza.

Barua yako sijamsomea. Nilimwambia hakuna iliyokuja.

Kuhusu swali lako, nitajibu. Tafadhali usiende Kolwezi kabla sijajibu.

Alphonsine

*

Kalemie, tarehe 20 mwezi wa saba 1986

Kwako Yaya Hippolyte,

Naanza na jibu, kisha nitakusalimu. Sikumsomea.

Siku ile gujoni zilipofika, nilisoma barua yako mara ya kwanza peke yangu, kama ninavyofanya siku zote, nisije nikakwama mbele ya Papa. Nilipofika kwenye ile sehemu ya kofi na macho yaliyoungua, niliogopa. Nilimwona Papa ameoga kabla ya saa yake na kuvaa shati safi kusikiliza barua. Nikafikiri: yeye na Yaya wamekaribiana kwa gujoni hizi, nami nikisoma haya watatengana tena. Basi niliiondoa sehemu yote kwa mara moja, kuanzia “Sasa sikia” mpaka “meno manene”. Nilifikiri nimeondoa matusi. Papa aliuliza, “Njo yote?” Nikasema ndiyo. Katika barua ya Pasaka nilikuandikia swali lake, jibu langu sikuliandika.

Ningeweza kusema kwamba sikuelewa nilichoondoa. Ingekuwa uongo mwingine. Siku Papa alipowasha mashine kwa gujoni za nyuma, maneno yako yalinijia yote, kama yameandikwa ubaoni. Lakini kuyasema kulitaka niseme pia kwamba nilidanganya, na kwamba ulimtukana. Na Papa alikuwa anapiga mluzi, Yaya. Nikajiambia labda Yaya ametia chumvi kwa sababu ya hasira. Ngoma ilikuwa inateleza, Papa akaniambia niikamate. Nilifumba macho nikaishika mpaka alipomaliza zote nane.

Haya sasa ndiyo yaliyotokea hapa nyumbani.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Papa aliniita. “Chukua karatasi. Muandikie Hippolyte.” Nikachukua. Akasema polepole ili nimfuate: “Hippolyte, ulijua, ukanyamaza. Mwanamuke amekatwa mguu ili hasira yako ishibe. Usivuke tena mulango wangu, hata siku watakayokuambia nimekufa.”

Niliandika mpaka “ulijua”. Mkono ukakataa. Papa akauliza kama wino umekwisha. Nikaingia ndani, nikaitoa barua yako ya mwezi wa tatu chini ya nguo zangu, nikarudi na kumsomea yote, tangu salamu hadi jina lako. Mama alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi. Nilipofika penye kofi alisema, “Inatosha, Alphonsine.” Papa akamwambia, “Muache,” kisha akanigeukia mimi: “Endelea, mama.”

Nilipomaliza, Papa aliniuliza:

“Siku ile nilikuuliza nini?”

“Uliuliza kama njo yote.”

“Ukajibu nini?”

“Nilijibu ndiyo.”

“Na nilipowasha mashine, ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nimekushikia ngoma, Papa.”

Nilingoja kofi. Ningelipokea vizuri. Yeye aliinuka, akaichukua barua mikononi mwangu, akaikunja, akaondoka nayo akipapasa ukuta. Baadaye tulijua alikwenda kwa Papa François kusomewa tena, kwa sababu hakuniamini tena mimi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kofi lolote. Karatasi za garaji na barua za Shangazi, vyote sasa vinasomwa na Papa François.

Kwa siku tatu hakunisemesha. Mama alikuwa anatupitishia maneno, “Mwambie binti yako alete maji,” na tulikuwa watu watatu tu katika ua mmoja. Siku ya nne akaniita tena na kusema nichukue karatasi mpya. Nimeandika kama alivyotamka. Haya ni yake:

“Hippolyte. Barua yako ya mwezi wa tatu nimeisikia katika mwezi wa saba. François ameisoma mara ya pili, na alipofika pale pa kichwa kama reli alicheka, hakuweza kujizuia. Juu ya gia za lori ulikuwa na haki. Mbele ya wateja hukuwa na haki. Kofi ni langu. Nilisema kwamba ulinyamaza. Hukunyamaza. Nilikusingizia kwa François, kwa mama yako na kwa askari waliponiita tena, na nimekwenda kwa hao wote kulifuta neno hilo, hata kwa askari, ambao hawakuelewa nataka nini. Mudogo wako alificha maneno yako. Hilo ni lake, atalibeba. Lakini sudire nilitia mimi. Na hata angesoma yote, sijui. Ningesikia matusi kwanza. Labda ningewasha mashine kwa ajili ya hayo matusi. Ninakaa hapa ninajiuliza, na sipati jibu, na nikilipata Mama Thérèse hatarudishiwa mguu. Gari ya Kalenga iko kwenye nyasi nyuma ya bandari. Mulango wangu uko pale ulipokuwa. Sikuiti na sikukatazi.”

Hapo nilimuuliza, “Papa, na hilo la mwisho niandike?”

“Nimesema nini?”

“Umesema sikuiti na sikukatazi.”

“Basi andika.”

Nimeandika. Alitaka nimsomee tena tangu mwanzo, akanyoosha kidole kufuata mistari ingawa haioni. Kisha akampelekea Papa François ahakikishe, na Papa François akamwambia kwamba hakuna neno lililopungua. Papa akairudisha kwangu niitie ndani ya bahasha.

Sasa nakusalimu, Yaya. Mama ni mzima, goti halimuumi kwa kuwa hakuna mvua. Shangazi anasema Emilie ameota jino.

Matokeo ya mitihani yametoka, nimepanda darasa. Sista Élisabeth alinipongeza. Nilimweleza yote, nikitaka aniambie kwamba kosa ni dogo. Hakuniambia hivyo. Aliniuliza kama Mama Thérèse anajua.

Hajui. Anafikiri ni macho ya Papa, kama wengine wote, na kila Mama anapompelekea uji, anamwambia amsalimie mzee na kwamba uzee unatungoja sote. Papa amemwacha afikiri hivyo. Kesho asubuhi nitakwenda mimi na uji. Mama atanisindikiza mpaka langoni tu, nimemwomba asiingie. Najua nitakachosema kwanza. Kitakachofuata sikijui.

Célestin anaondoka na treni ya saa nane na atakupa barua hii mkononi ikiwa bado uko Lubumbashi. Kama umekwisha kwenda Kolwezi, ameahidi kuulizia kwa mafundi wenzako. Ukiweza kuja, njoo. Ukikataa kuja, andika hata hayo. Uandike kwa hasira ukitaka, na juu yangu pia. Papa François ndiye atakayesoma, nami nitakuwa nimekaa hapo nasikiliza.

Mdogo wako,
Alphonsine